Wema kwa ajili ya Yonathani

Neno letu linatoka katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9.

Matanga ya baba yetu, mzee wa kanisa, yamekwisha. Viti vya kuazima vimerudishwa, turubai limekunjwa, wageni wa mbali wamepanda magari. Katika nyumba amebaki mama mjane pamoja na watoto sita. Sasa ndipo swali linaanza: tutamkumbuka namna gani?

Tunajua alikuwa nani. Alikuwa baba: alilipa minervali ya watoto kwanza, viatu vyake vikangojea. Alikuwa mume: mama alipougua, alibeba bidoni za maji yeye mwenyewe toka bombani, majirani wakicheka, naye akicheka pamoja nao. Alikuwa rafiki: siku tulipokimbia vita, mmoja wetu aliumia mguu, naye akatembea polepole pamoja na yule mgonjwa, wengine wote wakiwa wamekwisha kutangulia.

Hayo yote tuliyasema kwenye kilio, tukalia. Kulia si dhambi. Bwana Yesu mwenyewe alilia Lazaro alipokufa. Lakini tutazame Daudi alifanya nini.

Yonathani alipokufa vitani, Daudi alimlilia na kumtungia maombolezo. Angeweza kuishia pale. Miaka ikapita, Daudi akawa mfalme, na siku moja akauliza kama kuna mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli, amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Akaambiwa habari za Mefiboshethi. Huyu alikuwa na miaka mitano baba yake alipokufa; mlezi wake alikimbia naye, akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Alikuwa akikaa Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine.

Angalieni mambo matatu. La kwanza: Daudi ndiye aliyeuliza. Hakungoja yatima aje kugonga mlango. La pili: alimrudishia mashamba yote ya babu yake. Hakumpa pole tu, alimpa udongo wa kulima na watu wa kuulima. La tatu: alimkalisha mezani pake, akala pamoja na wana wa mfalme siku zote.

Wapendwa, jambo hili la mashamba linatugusa. Katika makartie yetu tumeona mara nyingi: marehemu hajamaliza mwezi kaburini, na tayari watu wa ukoo wanapima parseli, wanauliza ufunguo, wanamwambia mjane arudi kwao. Nasi wa kanisa tunanyamaza, tukisema ni mambo ya familia.

Ndugu za marehemu, hatuwasemi kama adui. Nanyi mmefiwa, wengine mlimsomesha, mlimbeba mgongoni. Lakini sheria ya jamaa ya inchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Mjane naye anahesabiwa kati ya warithi, na ana haki ya kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Na juu ya sheria hiyo, Bwana alikwisha kusema katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22: kilio cha mjane na yatima, yeye mwenyewe anakisikia. Nani kati yetu anataka kusimama upande wa pili wa kilio hicho?

Basi tuliokuwa marafiki zake, tufanye kama Daudi. Juma hili wazee wawili na mama wawili waende kukaa na familia na ukoo, wasikilize pande zote, na karatasi za parseli ziwekwe mahali salama kwa jina la watoto na mama yao. Masomo yakianza, tuulize nani hajalipiwa. Tusingoje mtoto afukuzwe darasani. Na siku ya Mungu, kila nyumba ikiweza iite mtoto mmoja kula mezani, si kama mgeni wa kuhurumiwa, ila kama mwana wa nyumba.

Tabitha alipokufa kule Yopa, wajane walionyesha nguo alizowashonea. Baba yetu naye ameacha ushuhuda wake mikononi mwetu. Tunaamini ufufuo, tutamwona tena. Siku ile atakapotuuliza habari za watoto wake, tuwe na jibu.

Tuombe. Bwana, Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, mfariji mama yetu usiku nyumba inaponyamaza. Lainisha mioyo ya ukoo. Utufanye marafiki waaminifu hata baada ya kaburi. Katika jina la Yesu, amina.