Si kila kikohozi ni kifua kikuu

Leo hatutasema juu ya chanjo wala uji wa watoto. Tutasema juu ya kikohozi chenu ninyi wenyewe, kile munachoficha ndani ya kitenge wakati tunapima watoto kilo.

Zamani, nilipokuwa muuguzi kijana, mama mumoja alikuja kwenye kituo chetu. Alikohoa tangu miezi mingi, na pumzi ilimukatika akipanda mulima. (Na Bukavu, njia gani haina mulima?) Hatukupima makohozi yake. Tulimuangalia tu, tukaandika kwenye fishe: kifua kikuu. Alimeza dawa miezi 6, mukojo ukawa mwekundu, lakini pumzi haikurudi. Tukamuanzisha tena mara ya pili! Kwao walimutengea sahani na kikombe, watoto wakakatazwa kulala karibu naye.

Kiisha munganga mumoja alimuuliza maneno ambayo sisi hatukuuliza: «Mama, unapika wapi? Unafanya kazi gani?» Alikuwa ametwanga mawe ya zahabu kule Kamituga miaka 9, na tangu utoto alipika ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kosa lilikuwa letu.

Ninyi munajua wale wamama wa Kamituga, wanaoitwa twangaises juu ya kutwanga. Wanaponda mawe kwa chuma mpaka yanakuwa unga. Vumbi lile linaingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu, wala hakuna dawa ya kuyaondoa. Kwenye radio ya kifua makovu yale yanaweza kufanana na ya kifua kikuu. Moshi wa kuni na wa makala nao, mwaka kwa mwaka, unafanya njia za pumzi kuwa nyembamba. Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu kwamba moshi wa nyumbani uliua watu karibu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Magonjwa haya mawili hayaambukizi mutu. Hakuna sababu ya kutenga sahani.

Lakini kifua kikuu kinatoka kwa mududu, na mududu anatafutwa katika makohozi, kwa mikroskopi au kwa mashini ya Xpert. Basi ukiambiwa una kifua kikuu, uliza kwa heshima: «Makohozi yangu yalipimwa? Mulikuta nini?» Usiogope, si matusi. Mimi ninafundisha wanafunzi wangu kwamba mugonjwa anayeuliza anawasaidia. Ni kweli, mara nyingine mududu haonekani na munganga anaanzisha dawa kwa sababu nzuri. Hapo sema habari yako yote: moshi, mawe, miaka. Na kama miezi inapita bila nafuu, rudi, uombe waangalie upya. Hata mutu aliyepona kifua kikuu kweli anaweza kubaki na pumzi fupi juu ya makovu. Asianzishwe dawa tena bila kupimwa.

Homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, damu katika makohozi: hizo zinatufanya tufikiri kifua kikuu. Pumzi fupi inayozidi polepole miaka mingi, na kifua kinacholia kama filimbi: hizo zinatufanya tufikiri moshi. Lakini dalili zinachanganyika, tena mapafu yenye vumbi la mawe yanashikwa na kifua kikuu upesi kuliko mengine. Kwa hiyo, tafadhali, mama asiache dawa za kifua kikuu kwa sababu ya maneno yangu ya leo. Aje kwanza.

Pika inje, au karibu na mulango ulio wazi, na kuni zikauke vizuri. Anayetwanga amwangie mawe maji, vumbi lipungue. Kitambaa kinywani hakitoshi. Na mutoto asiwe mugongoni wakati ule, anavuta vumbi lile lile.

Mama yule alipewa dawa ya kuvuta kwa kinywa, akahamisha mbabula inje. Pumzi haikurudi yote. Sahani yake ilirudi pamoja na zingine.

Mwenye kukohoa majuma 2 au zaidi, abaki leo kiisha kupima watoto. Vikopo vya makohozi viko kwenye meza, karibu na balansi.