Swichi ya Matriksi na Magharibi ya Salalah

Leo tunazungumzia chombo ambacho mtazamaji wa televisheni hakioni kamwe, ilhali picha nyingi zinazomfikia zimepita humo: swichi ya matriksi, yaani mtambo unaounganisha njia zinazoleta picha na njia zinazozipeleka.

Chukulieni mtambo wenye njia 16 za kuingia na 16 za kutoka. Njia hizo hupishana kama miyaa ya mkeka, na makutano yake ni 256. Picha moja yaweza kupelekwa kwenye skrini zote 16 kwa pamoja, lakini njia moja ya kutoka haipokei ila picha moja. Mtambo wa 32 kwa 32 una makutano 1,024, na sauti ikitengwa na picha, idadi huwa maradufu. Hapana fundi awezaye kuyahifadhi hayo kwa nambari, na ndiyo sababu njia hugawanywa katika makundi.

Kugawa njia za kuingia ni kazi nyepesi: kamera pamoja, rekoda pamoja, mawimbi ya setilaiti pamoja. Ugumu uko upande wa kutoka, na mfano wake tunaupata Omani, nchi iliyoanza matangazo ya televisheni kutoka Maskati mwezi Novemba 1974. (Wazee wa Unguja watatukumbusha kwamba kwao televisheni ya rangi ilitangulia.)

Salalah iko kusini-magharibi mwa Maskati, kwa tofauti ya nyuzi 4 na kidogo za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika 4 za mwendo wa jua. Mwezi Machi, basi, jua hutua Maskati takriban dakika 17 kabla ya Salalah. Desemba tofauti hukaribia nusu saa. Juni ni dakika chache tu, kwa kuwa Maskati iko kaskazini zaidi na mchana wake wa kiangazi ni mrefu zaidi.

Sasa tuseme ni Ramadhani, na chumba kimoja cha mitambo mjini Maskati kinalisha mitambo ya kurushia ya kaskazini na ya kusini. Fundi aliyefuata mpangilio wa matundu ya nyaya ataiweka yote katika kundi moja. Jua likitua Maskati atabonyeza kitufe kimoja, na adhana ya Magharibi itasikika Salalah jua likiwa bado juu. Aliyefunga atanyoosha mkono kwenye tende, na saumu ya kutwa nzima itaharibika kwa kosa la mtu aliye mbali naye kilomita mia kadhaa.

Kwa hiyo njia za kutoka zafaa kupangwa kwa kumfuata mtazamaji: kundi la Maskati, kundi la Dhofar. Adhana za miji hiyo nazo ziingie kwa njia mbili zenye majina yake. Hata hivyo, Dhofar itakuwamo pia katika kundi la nchi nzima, kwa ajili ya taarifa ya habari, na hapo hatari hurudi kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni kufuli: njia za Dhofar zifungwe, zisikubali amri ya kundi kubwa mpaka Magharibi yao iingie.

Amri ya kundi hubadili makutano yote mara moja, katika mwanya ulio kati ya picha na picha, hivi kwamba jicho halioni mtikisiko. Sauti nayo iwe imefungamanishwa na picha. Ikiwa ilitenganishwa mchana kwa ajili ya mpira na haikurudishwa, mnara wa msikiti utaonekana huku mtangazaji akishangilia bao.

Mafundi waangalifu huacha nafasi mbili tatu tupu mwishoni mwa kila kundi, ili mtambo mpya usivuruge mpangilio. Nao hujaribu kabla mwezi haujaandama: mistari ya rangi badala ya adhana, na mtu aliyeko Salalah akieleza kwa simu anachokiona.