Ada ya chuo na baba wa kambo

Wasikilizaji wa Uvira, elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inaishia shule ya msingi. Ada ya chuo inatoka mfukoni mwa wazazi. Hatuna bodi ya mikopo kama ile ya Tanzania iliyoanza kazi mwaka 2005.

Sasa mama mmoja wa Kalundu ameolewa tena. Kijana wake ameshika karatasi ya malipo ya chuo. Baba mzazi anamwambia, "Muulize mume wa mama yako." Baba wa kambo anageuza ndagala juani, kimya. Wapo baba wa kambo wanaolipa bila kuombwa, Mungu awabariki. Lakini Sheria yetu ya Familia ya 1987 inawabebesha wazazi malezi ya mtoto, na ndoa mpya haifuti ubaba. Baba, lipa kabla ya mitihani.