Juu ya Kutia Sahihi Hati ya Deni, na Juu ya Kuharibu Mali kwa Makusudi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, yakaandikwa kwa ajili ya wale wasiopata nafasi ya kuhudhuria.)



Tumetakiwa tuseme nanyi juu ya sheria za deni lililoandikwa, na juu ya sheria ya kuharibu mali ya mtu kwa makusudi. Labda wengine watauliza kwa nini mambo mawili haya yamefungwa katika mzigo mmoja. Tutajibu kwa habari iliyotupata sisi wenyewe, nasi hatutaificha, ingawa haitupi sifa.

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja wa ofisini alikuwa akijenga nyumba. Kuta zilikwisha simama, akapungukiwa na mabati. Mwenye duka akakubali kumpa mabati 40 kwa shilingi 30,000 kila moja, yaani shilingi 1,200,000, alipwe katika miezi sita, kwa sharti kwamba mtu wa pili mwenye mshahara atie sahihi pamoja naye. Mwenzetu akatujia. Mnajua jinsi ombi kama hilo lijavyo: haliji kwa barua, laja saa ya chai, mbele ya watu. Tukaitikia. Hati yenyewe ilikuwa ya mistari minne tu, nayo ilianza kwa neno “Naahidi kulipa”. Mwenzetu akatia sahihi, nasi tukatia yetu chini ya yake, tukidhani kwamba tumekuwa mashahidi wa uungwana wake na basi.

Mwezi wa kwanza alilipa shilingi 300,000. Kisha akahamishiwa wilaya nyingine, nyumba akaiacha imeezekwa, na tangu siku ile hakujibu simu wala salamu. Mwenye duka akaja mezani petu na ile hati mkononi, akadai shilingi 900,000 zote. Tukamwambia, “Mzee, sisi hatukuchukua hata bati moja. Tukizidi sana, fungu letu ni nusu.” Hakubishana nasi. Aliweka kidole chake juu ya neno lile “Naahidi”, akasema, “Bwana karani, soma.”

Hapo ndipo tulipokwenda kuisoma sheria, nasi twakiri kwamba ingalifaa kuisoma kabla. Sheria ya hundi na hati za ahadi ni Sura ya 215 katika Sheria za Tanzania. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, iliyotungwa na Mackenzie Chalmers, na hata leo maneno yake mengi yafuata maneno ya Bwana huyo. Yasema kwamba hati isemayo “Naahidi”, ikiwa imetiwa sahihi na watu wawili au zaidi, ni ahadi yao wote pamoja, na tena ni ahadi ya kila mmoja peke yake. Mwenye hati aweza kumwacha mmoja kabisa na kumshika mwingine kwa deni zima. Herufi mbili tu, “Na”, zilitugharimu shilingi laki tisa. Wala msidhani kwamba “Twaahidi” ingalituokoa, maana Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 nayo yamruhusu mdai kumtaka mmoja wa walioahidi pamoja alipe yote, isipokuwa wamepatana waziwazi vinginevyo.

Na neno letu la kwamba hatukuchukua bati? Halina nguvu. Mtu atiaye sahihi ili kumwazima mwenzake jina lake, asipate kitu chochote, awajibika mbele ya mwenye hati aliyeitolea thamani, hata kama mwenye hati alijua tangu mwanzo kwamba jina lile ni la kuazima. Ndiyo maana lilitakiwa.

Tena kuna tofauti ya mahali pa sahihi, nayo ni tofauti ambayo makarani hatuijali hata kidogo. Atiaye sahihi mbele ya hati, chini ya ahadi, amekuwa mtoa ahadi. Atiaye nyuma ya hati awajibika vilevile, lakini ana kinga: hati isipolipwa, sharti aarifiwe upesi. Wakiwa mji mmoja, habari impate kesho yake. Wakiwa miji mbalimbali, barua iondoke kesho yake kama posta iko. Mwenye hati akilala, mtu wa nyuma aghalabu amefunguliwa. Mtu wa mbele hana haki hiyo ya kuarifiwa. Sisi tulikuwa mbele.

Mwenye duka akatukumbusha jambo moja zaidi, nalo ndilo lililotuondolea usingizi. Katika kanuni za mashauri ya madai, Amri ya 35 yatoa njia ya mkato kwa hundi, cheki na hati za ahadi. Akishitaki kwa njia hiyo, mdaiwa hana haki ya kusimama na kujitetea mpaka kwanza aombe ruhusa ya mahakama na kuonyesha kwamba ana utetezi wa kweli. Asipopewa ruhusa, hukumu yatolewa juu ya karatasi. (Wakati wa Waingereza mambo hayakuwa hivi kwa babu zetu. Sheria ya mwaka 1931 ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumshitaki Mwafrika kwa deni la mkopo, ila kwa kibali cha maandishi cha afisa wa Serikali. Ilimlinda mtu kama mtoto alindwavyo. Leo tu watu wazima, na sahihi yetu ni ya mtu mzima.)

Sasa twafika katika sehemu ya pili. Jioni ile hasira ilitupanda, kwa mwenye duka kidogo, kwa mwenzetu sana. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyeleta shauri: nyumba ile haina mtu, twende usiku na vijana wawili, tung'oe mabati, yeye atayapokea kwa nusu ya bei, na deni letu litapungua. Tuliliona shauri hili kuwa la haki kabisa. Mabati ni yake, hayakulipiwa. Nasi ndio tunaoteswa kwa ajili yake. Tukaenda kuazima ngazi kwa mzee mmoja, mwanachama mwenzetu wa zamani, aliyestaafu katika ukarani wa mahakama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ngazi ya nini saa mbili usiku?”

Tukamweleza. Hakukemea. Alituuliza swali moja tu: “Mabati hayo sasa ni mali ya nani?”

Tukasema ni ya mwenye duka.

“La. Aliyauza. Aliyakabidhi. Yamepigiliwa misumari juu ya nyumba ya mtu. Alichobaki nacho mwenye duka ni karatasi. Nawe huna hata hiyo.”

Kisha akatufunulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 326: mtu yeyote anayeharibu au kuvunja mali kwa makusudi na pasipo haki, ametenda kosa, naye aweza kufungwa miaka 7. Akatuonyesha maneno mawili yaliyo uzito wa kifungu. La kwanza ni makusudi: si ajali, si uzembe, bali mtu alijua atendalo. Je, apandaye ngazi usiku na nyundo mkononi atasema hakukusudia? La pili ni pasipo haki. Sheria humsikiliza mtu aliyetenda kwa kuamini kwa moyo safi kwamba ana haki juu ya mali ile, pasipo nia ya kudanganya. “Lakini wewe,” akasema, “tangu sasa umeambiwa. Ukipanda, utapanda ukijua.”

Tukamwuliza, je, hasira yetu si udhuru? Akajibu kwamba katika miaka yake yote ya kuandika mashauri, wengi walioletwa kwa kuvunja vioo, kukata migomba na kubomoa kuta walikuwa watu wenye kudai kitu cha haki. Waliingia mahakamani wakiwa wenye haki ya madai, wakatoka wakiwa na hatia ya jinai. Tena mahakama yaweza kuwaamuru walipe fidia ya walichoharibu, na deni lao la kwanza bado halijalipwa. Kwa mtumishi wa Serikali kuna zaidi: hatia ya jinai yaweza kumwondoa kazini, na haki zake zikaondoka naye.

Tulimwambia pia yale tuliyokuwa tumeyaficha, kwamba mchana ule hati ilipolala mezani petu, mkono wetu ulikuwa karibu kuichana. Akacheka. Akasema kuichana kusingalifuta deni hata shilingi moja. Hati hufutwa na mwenyewe, au kwa idhini yake. Ikichanwa na mwingine bila idhini, deni lasimama, na mwenye hati aweza kulithibitisha kwa njia nyingine. Tungalibaki na deni lile lile, na shitaka la kuharibu mali ya mtu juu yake.

Basi, ngazi ilibaki ukutani. Kesho yake mzee akatuongoza tufanye hivi, nasi twawapa ninyi kama tulivyopewa. Tulipatana na mwenye duka tulipe shilingi 300,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Kila tulipolipa tulidai stakabadhi iliyotaja kwamba fedha zimetoka kwetu, tuliotia sahihi kwa udhamini. Siku ya malipo ya mwisho tukaichukua hati yenyewe. Maana mdhamini aliyelipa husimama mahali pa mdai: haki zote alizokuwa nazo mdai juu ya mdeni zamjia yeye, na mdeni awajibika kumrudishia alichokilipa kwa haki. Lakini bila stakabadhi na hati atasimama huko kwa maneno matupu. Tukamwandikia mwenzetu barua ya madai, yenye hesabu na tarehe, tukaweka nakala. Muda wa kushitaki kwa mambo ya mkataba ni miaka 6, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kukimbia usiku.

Kabla hatujaketi, tuna neno kwa viongozi wa chama chetu, nao wasitukasirikie. Tumeona hati za chama, za kununua viti na turubai kwa mkopo, ambazo Katibu ametia sahihi yake na chini akaandika “Katibu” tu. Sheria ile ya Sura ya 215 yasema kwamba kutaja cheo peke yake hakumwondolei mtu deni. Sharti aandike kwamba ametia sahihi kwa niaba ya chama, na kukitaja chama kwa jina lake. Asipofanya hivyo, chama kitakalia viti, na mwenye duka atakwenda nyumbani kwa Katibu. Twaomba jambo hili litazamwe katika hati zilizo ofisini sasa, kabla ya mkutano ujao, na Katibu wetu asiachwe kulitazama peke yake.

Mwenzetu, baada ya barua ya pili, alianza kulipa. Amekwisha rudisha shilingi 500,000. Zimebaki shilingi 400,000, na hati tunayo sandukuni. Nyumba ile iko njiani tunapokwenda kazini. Mabati yapo yote arobaini, na moja upande wa mashariki limeanza kushika kutu.