Mafua Yakishuka Kifuani

Mwaka 2009 homa ya mafua ya H1N1 iliingia Kenya, na mgonjwa wa kwanza alipatikana Kisumu mwezi wa Juni. Virusi hivyo bado vipo.

Wengi hupona nyumbani. Lakini virusi vikifika mapafuni, mwili hupigana navyo vikali hata ukajiumiza wenyewe. Mapafu huvimba na kujaa majimaji, oksijeni ikapungua kwenye damu. Hapo figo, moyo na ubongo huweza kushindwa kufanya kazi.

Mama, mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Ni hatari zikifika:
- 60, akiwa chini ya miezi 2
- 50, miezi 2 hadi 11
- 40, mwaka 1 hadi 5

Hatari pia ni kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, midomo kugeuka buluu, kushindwa kunyonya, kukojoa kidogo sana, au kulegea.

Usingoje kupambazuke, wala usijaribu kwanza dawa za dukani. Mpeleke hospitali mara moja. Oksijeni haiuzwi dukani.