Tumkumbuke Mzee Maruge, Mwanafunzi wa Miaka 84



Leo tunamkumbuka marehemu Kimani Ng'ang'a Maruge, babu wa wajukuu 30. Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, hapa Eldoret. Wajukuu wake wawili walisoma shule hiyo hiyo. Hakuona haya. Alitaka kujisomea Biblia na kuhesabu pesa zake mwenyewe.

Mwaka wa 2005 alisafiri hadi New York kutetea elimu ya msingi bila malipo. Mapema 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipomfikisha kambini, bado alienda shule, umbali wa kilomita 4. Alifariki Agosti 2009.

Miongoni mwetu wapo wazazi wanaoweka kidole gumba kwenye fomu, na barua ya shule hungoja mtoto aisome. Mzazi mwenzangu, usione aibu. Muulize chifu wako lilipo darasa la watu wazima. Nawe kijana, msindikize siku ya kwanza.