Saa za Mwanafunzi

Wanakamati wa sharika na wafadhili wetu, mmetuuliza kwa nini tunasita kuwalipia bando wanafunzi wanaochanganya chuo kikuu na mafunzo ya uhandisi wa programu. Tuhesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Chuo, kwa krediti 120 za mwaka, krediti moja saa 10, kinachukua kama saa 40 kwa wiki. Mafunzo ya ALX ya miezi 12 yalitangazwa kuhitaji saa 70. Zinabaki 58 za kulala, kula, kufua na ibada; na hapo umeme haujakatika! Akifeli chuo, mkopo wa Bodi nao uko hatarini. Tunapendekeza mfuko ulipie kozi fupi za likizo ndefu, na mafunzo mazito baada ya shahada. Sharika zijadili, zituandikie.